Meno Manne Kwenye Mkono wa Mwanasesere

Saa tatu asubuhi, Bibi Katalogi ameketi dirishani, ameshika mkono wa mwanasesere kama anayempima mtoto homa. Mbele yake kuna bakuli la maji ya moto, kitambaa na sindano butu. Anaukanda mkono, anasubiri nta ilainike, kisha anaichokoa kidogo kidogo.

"Taratibu," anajiambia. "Ujuzi mwingi ndio ulionifikisha hapa."

Ana miaka sitini na mmoja. Chumba chake cha kazi kiko nyuma ya duka la vifungo na nyuzi la mdogo wake. Kwenye rafu kuna magari ya bati, treni za kujaza kwa ufunguo, wanasesere wasio na nywele, na katalogi kumi na tisa za duka kubwa alikouza vitu vya kuchezea kwa miaka ishirini na miwili.

Duka hilo lilipofungwa, wafanyakazi waliambiwa wachukue kilichobaki.

"Wenzangu walibeba viti. Mimi nikabeba katalogi, wakanicheka mpaka getini."

Katalogi hizo ndizo zilizompa jina na kazi. Mteja huleta kitu kilichochakaa, yeye hutafuta picha yake, kisha hukirudisha kilivyokuwa siku ya kuuzwa. Wengine huja kufunua kurasa tu. Mwanamume mmoja mwenye mvi aliwahi kuweka kidole juu ya treni nyekundu, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Hii niliinunua kwa macho miaka miwili mizima," alisema. "Kila nikiiomba, baba ananiambia leo duka limefungwa."

Zamani alipokea kazi thelathini kwa mwezi. Siku hizi zikifika sita anashukuru. Ndiyo maana alijizoesha kumfanyia kila mteja zaidi ya alichoomba.

Miezi mitano iliyopita alikuja mwalimu wa shule ya msingi na mwanasesere aliyechomoka mkono. Aliomba urudishwe mahali pake, basi. Hakueleza zaidi, na fundi hakuuliza.

Bibi Katalogi alifungua katalogi moja, ukurasa wa kumi na nne. Akamshonea mwanasesere gauni kama la pichani, akampandikiza nywele. Kwenye mkono aliona vishimo vinne karibu na kidole gumba. Akavipiga msasa, akavijaza nta, akapaka rangi.

"Nilijiona hodari," anasema. "Nikamwita mdogo wangu aje aone."

Mwalimu aliporudi, hakutazama nywele wala gauni. Aliushika ule mkono, akaupapasa mara mbili, mara tatu.

"Alama ziko wapi?"

"Nimezifuta, mwalimu. Wala sikuongezei bei."

"Mwanangu alikufa akiwa na meno manne tu, mama. Yote yalikuwa hapa."

Akamlaza mwanasesere mezani, akatoka. Hajarudi.

Tangu siku hiyo, kabla ya kugusa kitu cha mtu, Bibi Katalogi humuuliza mwenyewe: "Nisiguse wapi?" Wengine humshangaa. Wengine huonyesha kwa kidole.

Nta imetoka karibu yote. Vishimo viwili vimeonekana, vya juu, vilivyoingia ndani zaidi. Vya chini havipo. Msasa ulivimaliza kabla ya nta kufika.

Mdogo wake anachungulia, uzi ukiwa bado mdomoni.

"Dada, si uchukue msumari tu? Toboa viwili, vitimie vinne. Nani atajua?"

"Mama wa mtoto."

"Atajuaje, jamani? Ni mdoli huyu."

"Yale meno yalimng'ata yeye kwanza, akinyonyesha. Atajua."

Mdogo mtu anautoa uzi mdomoni.

Jumamosi hii Bibi Katalogi atafunga kazi mapema, ampeleke mwanasesere nyumbani kwa mwalimu. Amekwisha kuulizia njia. Hana matumaini makubwa. Anataka tu yale mawili yarudi kwa mwenyewe.

"Nitamwambia yamebaki mawili. Mawili mengine nimeyamaliza mimi, kwa mkono huu. Akinifukuza, amenifukuza, lakini mdoli nitamwachia mkononi."

Anaukausha mkono wa mdoli kwa ncha ya kanga, kisha anamgeukia mdogo wake.

"Utanisindikiza?"

"Mpaka mlangoni, dada. Ndani utaingia mwenyewe."