Kimya cha Kompyuta ya Namatala

Mwanangu, umeniambia jaribio lako limekwama na unafikiri kuandika kwamba limekamilika. Kaa kwanza. Iko asubuhi moja ya ujana wangu, kule Namatala, ambayo sijaisahau.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, binti wa Nalufenya, Jinja. Utafiti wangu ulikuwa wa kuzifanya kompyuta zilizo mbali zitunze daftari moja, kinachoandikwa huku kionekane na kule. Mama mmoja mwenye maduka mawili ya dawa, moja kwetu Nalufenya, jingine Namatala mjini Mbale, alikubali nijaribie kwake. Kompyuta zote mbili zikiwa mezani kwangu, programu ilikwenda vizuri. Nikaandika kwenye ripoti kwamba nimeijaribu hata mtandao ukikatika. Sikuwa nimeijaribu.

Baba yangu, askari mstaafu aliyekuwa mtu wa redio jeshini, aliniuliza, "Umejaribia wapi?"

"Hapa mezani, Baba."

"Kati ya Jinja na Mbale kuna meza?"

Nilicheka. Niliona mzee wa redio atajua nini kuhusu kompyuta.

Tukazifunga kompyuta madukani, nami nikaenda Namatala kupiga picha za ripoti. Asubuhi hiyo mtandao ukakatika. Kisanduku cha mwisho cha insulini, dawa ya kisukari, kilikuwa pale, akauziwa mama wa jirani. Kompyuta ya Nalufenya, kwa kutosikia neno kutoka Mbale, ikachukua kimya kuwa ni ndiyo, kwamba kisanduku bado kipo, ikamwandikia kisanduku kile kile mzee mmoja wa Jinja. Mchana mzee akafika Namatala, amechoka na safari.

"Nimeambiwa dawa yangu iko hapa," alisema.

Muuza dawa alifungua friji, kisha akanitazama mimi. Mzee akaketi kwenye benchi, midomo imemkauka. Tulimpakia kwenye boda boda, nami nikamshikilia kwa nyuma mpaka hospitali. Alipona, Mungu ashukuriwe. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilimweleza Baba yote. Hakupaza sauti.

"Redioni, mwenzako asipojibu husemi amekubali. Unasema hujui, unangoja. Kesho nenda kwa mwalimu wako."

Nikaenda. Nilimwonyesha mwalimu sentensi ile ya uongo, nikaifuta mbele yake. Wenzangu walihitimu, mimi nikabaki. Watu walisema nimeshindwa, nami nikawaacha waseme. Kuteleza si kuanguka. Kila siku nilikaa dukani Nalufenya, nikichomoa waya wa mtandao na kuurudisha, nikimpigia simu muuza dawa wa Namatala: "Huko imeandika nini?" Iliandika makosa, nikarekebisha, ikakosea tena. Mwishowe programu ilijifunza kuandika "sijui", na kungoja. Siku hiyo nililia, mwanangu, na sikuona haya.

Basi nakuambia hivi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na utafiti una maradhi yake. Kilichokushinda kiandike kwamba kimekushinda, kisha amka kesho ukijaribu tena. Lijaribu jambo mahali litakapotumika, na mbele ya yule litakayemuumiza likiharibika. Mzee akikuuliza swali rahisi, usicheke. Na ukichelewa kwa sababu ya kusema kweli, hukuchelewa.

Mungu aipe nguvu mikono yako, akupe moyo usiochoka, na kila atakayeegemea kazi yako asianguke. Amina.