Ampli Yenye Kitundu cha Mikro

Kaswera, mjane wa Majengo mjini Goma, alikwenda dukani na binti yake Charline kuchagua ampli ya kukuza sauti na spika za sebuleni. Muuzaji aliwasikilizisha spika tano kwa pamoja, na milipuko ya filamu ikatetemesha vioo vya kabati.

"Miye nataka nisikie watu wakisema," Kaswera alimwambia. "Na iko na kitundu ya mikro?"

"Mama, mutaimba?" muuzaji akauliza.

Charline hakuhitaji kuuliza. Zamani, kabla lava haijafunika mtaa wao, marehemu baba yake, Florent, alikuwa na banda la video la mbao. Filamu zilikuja kwa lugha za kigeni, naye alizitafsiri papo hapo kwa mikro, akibadilisha sauti kwa kila mwigizaji. Kaswera alikata tiketi mlangoni, akicheka kila siku kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kumsikia.

Walichukua ampli ndogo yenye kitundu hicho, na spika mbili tu. Jumapili, wajukuu wakiwa wamejaa mkekani, Charline alipunguza sauti ya filamu. Kaswera akashika mikro, akaanza kutafsiri. Watoto walipocheka, akaendelea mpaka mwisho.