Kutu ya Bwawa la Muaither

Jeremiah alikwenda Qatar mwaka 2013 kuwa dereva. Mkataba ulisema dereva, viza ilisema dereva, na mama yake huko Webuye alilitangazia kanisa zima kwamba mwanawe ni dereva. Lakini Bwana Hamad, tajiri wake wa Muaither ambaye watumishi walimwita Baba, hakupenda kuona mikono iliyotulia. Aligundua kwamba kati ya kupeleka watoto shule na kuwarudisha, dereva hukaa tu kivulini, basi akamkabidhi bwawa la kuogelea lililokuwa nyuma ya nyumba. Jeremiah akashukuru. Angefanya nini?

Lilikuwa bwawa la kupendeza, la plasta nyeupe kama maziwa. Hakuna aliyeogelea humo, ila wageni walipoonyeshwa walivutiwa sana, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya bwawa hilo.

Kiangazi kilichofuata familia ilikimbilia London. Nyumbani walibaki Jeremiah, bibi mzee mama yake Baba, ambaye hakutaka kusikia habari za ndege, na Nafula, msichana wa Bungoma aliyemhudumia bibi huyo. Siku moja upepo wa mchanga ukabeba kiti cha chuma cha bustanini ukakitumbukiza bwawani. Jeremiah alikiona siku hiyohiyo. Akaamua kwamba kiti kimepata mahali pa baridi kuliko mtu yeyote aliyekuwa Doha mwezi huo, akakiacha kipumzike.

Alikitoa Baba alipopiga simu kwamba wanarudi. Pale miguu ilipokuwa imesimama kulikuwa na madoa ya kutu, mekundu-meusi kama chai iliyosahaulika jikoni, na plasta ilikuwa imeyanywa barabara.

Jeremiah hakuuliza mtu. Mwanaume mwenye leseni ya magari makubwa ataulizaje habari za doa? Alimwaga klorini ndoo nzima, kwa sababu huua kila kitu. Iliua mwani ambao haukuwapo, ikamchoma macho, na madoa yakazidi kuiva. Akayatoa maji yote, akanunua brashi ya waya, akasugua kwa magoti chini ya jua ambalo hata paka wa mtaa walilikwepa. Madoa yalififia. Akajaza maji, akalala usingizi wa mshindi.

Baada ya siku chache bwawa lote lilitoka vipele. Vipande vidogo vya waya vilikuwa vimenasa kwenye plasta, kila kimoja kikaanza kushika kutu kwa bidii yake. Mwanzoni bwawa lilikuwa na doa, sasa lilikuwa na surua.

Nafula alikuja kusimama ukingoni na kikombe cha chai. Aliangalia kipele kimoja baada ya kingine huku akinywa chai taratibu, jambo ambalo Jeremiah aliliona la ukatili. Mwisho akamwambia kwamba kanzu za Baba zikishika kutu kwenye kamba ya nguo, yeye huzipaka ndimu na chumvi.

"Hii ni simenti, Nafula, si kanzu," Jeremiah akasema.

"Kutu haijui tofauti. Wewe ndiye unayeijua, na angalia ulikofika."

Ndimu za kutosha bwawa hazikuwapo. Ila bibi mzee alikuwa na kabati zima la vidonge vya vitamini C, vikali kama ndimu, ambavyo mwanawe alimnunulia kila alipohisi hatia, na ambavyo hakuwahi kumeza hata kimoja. Nafula akamwomba. Bibi akacheka, akasema vichukuliwe vyote, na Baba akiuliza aambiwe kwamba afya yake imeimarika.

Walivisaga kwa mchi, wakavitia kwenye soksi kuukuu. Jeremiah akayatoa maji tena, akashuka bwawani na kuanza kusugua kipele kwa kipele. Kutu ikayeyuka chini ya kiganja chake kwa upole uliomkasirisha. Alisugua hadi vidole vikakunjamana, akajaza maji upya, na familia ilipowasili kutoka uwanja wa ndege, bwawa lilikuwa jeupe kuliko siku lilipojengwa.

Baba alilitazama, akamsifu dereva wake mbele ya watu wote. Kisha akasema khalas, yatosha, sasa lifukiwe. Huko London alikuwa ameamua kujenga majlis ya kupokelea wageni, na mahali pazuri palikuwa hapo.

Jeremiah alishangaa kujisikia akitetea kitu alichokichukia. Alisema plasta ni nzima, maji ni safi, watoto wangeweza kujifunza. Baba akamsikiliza kwa adabu, kama mtu anayesubiri taa ibadilike, akamwambia malori ya mchanga yatakuja kesho.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuyafungulia maji yatoke, Jeremiah alimfuata Baba akamwomba ruhusa ya kuogelea.

Baba akakunja uso. "Hujawahi? Mbona hukusema?"

Jeremiah akainama kuvua viatu. Akavua shati, akashuka ngazi kwa bukta. Hakujua kuogelea, kwa hiyo alitembea tu, maji yakimfika kifuani, kutoka upande huu hadi ule na kurudi, akikanyaga kwa nyayo zake plasta laini isiyo na hata nukta moja. Kwenye dirisha la jikoni bibi mzee alimpungia mkono, naye Nafula, nyuma yake, alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga akicheka.

Akabaki humo mpaka honi ya lori la kwanza iliposikika getini. Akatoka, akayafungulia maji, akavaa viatu, akaenda kulifungulia lori.