Panya Niliyemhurumia Vibaya

Brayo mjukuu wangu, kuna asubuhi moja siisahau, hapa hapa Nakuru, kabla babako hajazaliwa. Nilikuwa kijana, kazi yangu kulisha panya weupe katika maabara ya chuo fulani. Cheka tu, lakini hiyo ndiyo kazi iliyoniweka mjini.

Kwa wiki nyingi tuliwatilia mdomoni dawa iliyotengenezwa kwa bangi, daktari ajue inawafanya nini. Wakawa wanazubaa, wanasahau hata njia ya chakula waliyoizoea. Kisha daktari akasema, "Sasa tunaacha."

Siku ya pili, woi! Wakaanza kujikung'uta kama mbwa aliyenyeshewa, wanajikuna uso, chakula hawataki, wanaumana. Mmoja nilimpenda, nikamwita Karanga. Alizoea kupanda mkononi mwangu. Siku hiyo aliniuma kidole. Huruma ikanishika. Nikampa tone la ile dawa kisiri, akatulia, akalala. Nikajiona mtu mwema sana.

Mzee Wafula, mkubwa wangu kazini, aliniona. Hakufoka. "Kijana," akaniuliza, "umemhurumia yeye ama umehurumia macho yako?"

Akanipeleka kwa daktari nikajisemee mwenyewe.

Wiki iliyofuata wenzake walikuwa wanakula vizuri. Karanga wangu alikuwa anatetemeka peke yake, lile tone langu limemwanzishia mateso upya. Nililia, mwanangu, mtu mzima na ndevu zangu.

Leo ni siku yako ya nne bila kuvuta bangi. Shuka limelowa jasho, ugali unaunusa tu, na jana ulimfokea mamako, wewe ambaye hujawahi kumjibu. Uliponililia, "Guka, babu yangu, kidogo tu, ya mwisho," ile karatasi yako ya bangi niliyokunyang'anya ilikuwa mfukoni mwangu, na mkono ulikuwa umeshaifikia. Ni vile nakupenda. Ndipo nikamkumbuka Karanga. Karatasi nimeitupa chooni, usijisumbue kuitafuta.

Baada ya dhiki faraja, lakini dhiki yenyewe hairukwi. Atakayekupa "kidogo tu" anakurudisha siku ya kwanza, hata kama anakupenda. Hata kama ni mimi. Ikizidi, tutaenda hospitali pamoja, si aibu. Na kumbuka, Karanga hakuwa na wa kumwambia kwamba mateso yale yana mwisho. Wewe nimekuambia.

Mungu akurudishie usingizi wako, na siku moja uwalee wanao ukiwa na akili zako zote. Haya, shika kikombe cha uji. Mimi siondoki hapa.