Viazi Kumi vya Bwana Lango

Harufu ya kiazi kibichi, kilichong'olewa asubuhi na udongo bado umekishika, hainipi njaa kama inavyowapa wenzangu wa Njombe. Nikikishika tu, mkono wangu wa kulia hutaka kurusha.

Enzi za Mwingereza baba yangu alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja, msimamizi wa shamba la miti ya miwati nje kidogo ya mji. Vibarua walimwita Bwana Lango, na jina hilo lilitoka kinywani mwa baba. Bwana alikuwa amemsimulia kwamba ujanani, kwao Kanada, alilipwa mshahara kulinda lango kwenye barafu. Baba hakuwahi kuona mpira wa kuchezwa kwa fimbo, sembuse juu ya mto ulioganda, basi akawatafsiria wenzake neno kwa neno. Wakacheka hadi machozi. Kumbe na Wazungu huajiriwa kulinda mageti, tena kwenye baridi! Tangu siku hiyo hakuna aliyemwogopa sana.

Mimi ndiye niliyeelezwa vizuri, maana niliuliza. Alinichorea chini kwa kijiti: lango, wachezaji wenye viatu vya chuma, na kisahani kigumu kama ukwato wa ng'ombe kilichokuwa kikimjia usoni. Wakati ule makipa hawakuvaa kinga ya uso. Alipopasuka mdomo alishonwa huku watazamaji wakingoja, kisha akarudi langoni. Meno ya mbele aliyaacha huko, vidole vilipinda kama tangawizi, na jicho la kushoto likafa. Timu ilipogundua, ilimfukuza siku hiyohiyo.

"Kipa hapana jua kama yeye nachoka," aliniambia. "Mpira ndiyo nasema."

Ndiyo maana kila asubuhi, nyasi zikiwa nyeupe kwa baridi, alisimama mbele ya mlango wa jiko nami nikamrushia viazi kumi. Aliapa kwamba siku akikosa vitatu, atajua jicho lililobaki limechoka, na hatashika tena usukani wa gari.

"Rusha kwa nguvu, mwanangu," baba alikuwa akiniambia huku akipuliza moto. "Usimwonee haya."

Mwanzoni Bwana alividaka vyote, akivicheka kwa ufizi. Kisha akaanza kukosa kimoja. Halafu viwili, na mkono wake ukawa unafika baada ya kiazi kupita. Mama alikuwa akisema kwamba msimamizi asiyeendesha gari si msimamizi, na Bwana huyu akiondoka, sisi tutarudi kijijini kwetu Mlangali kulima maharage. Mimi nilikuwa nimeanza darasa la kwanza. Nilikuwa na kalamu yangu mwenyewe. Na tena, niseme ukweli, nilimpenda yule mzee, sikutaka kuuona uso wake siku ya kiazi cha tatu.

Nikaanza kurusha polepole. Nikalenga kiganja. Akawa anahesabu kumi, kumi, kila siku kumi, na anarudi ndani akipiga mluzi.

Siku moja aliondoka na baba kwenda Makambako kuchukua unga na chumvi. Ilikuwa mchana kweupe, ukungu umeshainuka. Kwenye kona aliyoipita miaka yote, gari liliacha barabara likaingia korongoni. Bwana alitoka na mikwaruzo. Baba alirudishwa nyumbani amefungwa katika blanketi.

Bwana alikuja msibani. "Kamwene," alimwambia mama, salamu pekee ya Kibena aliyoijua. Mama akamgeuzia mgongo. Bwana akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Ile viazi," aliuliza. "Wewe natupa na nguvu?"

"Ndiyo, Bwana."

Alitazama viganja vyake. Aliniamini. Hata mwezi haukuisha, akaondoka nchini, na sisi tukarudi Mlangali vilevile. Kalamu yangu niliisahau jikoni kwake.

Mpaka anazikwa, mama alikuwa akimlaani kwa msemo mmoja: mficha maradhi, kilio humfichua. Nami niliitikia kwa kichwa. Ilinichukua nusu ya umri wangu kukubali kwamba yule mzee hakuficha kitu. Kila asubuhi alisimama kwenye baridi akiomba kuambiwa ukweli. Kiazi kilitaka kumwambia. Mimi ndiye niliyekiziba mdomo.