Mstari Mwekundu wa Ndululu

Kanuni Ndululu aliiweka mwenyewe mwaka wa 1973, siku alipokabidhiwa kitabu cha washiriki wa kanisa letu karibu na Kanyangi. Mtu akifa, jina lake lipigwe mstari mwekundu siku ile ile ya mazishi, kabla wachimba kaburi hawajanawa mikono, na pembeni iandikwe tarehe. Si kesho yake, si Jumapili ijayo. Wachimbaji walisimama na majembe yao, beseni la maji likiwa chini, naye akapiga goti kando ya udongo mbichi, kitabu juu ya paja, kalamu ya Bic mkononi. Alipofunga kitabu ndipo waliponawa.

Kwa miaka ishirini hakuna aliyenawa kabla ya mstari.

Ndululu alikuwa fundi wa baiskeli kwenye veranda ya duka pale sokoni. Masomo yalimwishia darasa la saba, lakini mwandiko wake ulikuwa safi kuliko wa karani wa chifu. Watu walimjia akiwa anaziba pancha, mikono imejaa grisi, wamuulize mtoto fulani alizaliwa lini, au marehemu fulani alizikwa mwaka gani, kwa maana wengi wetu hatukuwa na cheti chochote. Wakibishana juu ya jambo la zamani, mmoja aliuliza, "Kitabu cha Ndululu kinasemaje?" Ubishi ukaisha. Hakulipwa hata senti kwa kazi hiyo, na hakutaka kulipwa. Alitaka kuulizwa.

Kwenye veranda hiyo hiyo alikaa Nzioka, fundi wa nguo, mwenye cherehani moja. Nzioka hakuwa amesoma. Ndululu ndiye aliyemfundisha kuandika jina lake katika darasa la gumbaru, lile la watu wazima, na mara nyingi alimkumbusha.

Wamormoni walifika kwetu mwaka wa 1991. Walianza kwa chumba cha kukodi, na haukupita muda mrefu wakajenga nyumba ya mawe, yenye viti vya kuegemea na tangi kubwa la maji. Sisi tulikuwa na mabati na mbao za kukalia; mvua ikinyesha, mhubiri hasikiki. Wakaja na vijana wawili kutoka Amerika, shati jeupe na tai kwenye jua la Kitui, na kila mmoja akiitwa Mzee.

"Mzee gani hajaota ndevu?" Ndululu alisema, na sokoni wakacheka.

Ndululu hakucheka tena Nzioka alipobatizwa huko. Mwaka mmoja baadaye Nzioka akafanywa rais wa tawi, yaani kiongozi wa kanisa lao pale.

"Rais!" Ndululu alimwambia mkewe Mutindi. "Mtu niliyemshika mkono aandike herufi N."

"Si umshukuru Mungu kwamba alishika?" Mutindi akajibu.

Sokoni ilisemwa kwamba kanisa hilo lina mali kushinda serikali, kwamba kila muumini hutoa sehemu ya kumi, na kwamba majina yao yote yanahesabiwa mpaka Amerika. Waliosema hayo hawakuwa na ushahidi wowote. Ndululu aliyasikiliza jinsi mke mkubwa anavyosikiliza habari za mke mdogo: hataki kusikia, na hataki kukosa neno.

Siku moja ya Julai 1993 akashindwa kujizuia.

"Nzioka, siku hizi mko wangapi?"

Nzioka alitoa pini mdomoni. "Mia moja na themanini na wawili."

"Kwa miaka miwili?"

"Ndiyo, Baba Ndinda," akasema, akimwita kwa jina la mwanawe. "Na nyinyi?"

Ndululu aliijua idadi yake kama anavyojua idadi ya watoto wake. Walikuwa mia moja sitini na mmoja. Ilikuwa miaka ya njaa, na tangu Januari alikuwa amepiga mistari kumi na mmoja.

"Bado tunahesabu," akasema.

Mtu mwenye haki hahitaji kujua jirani ana wangapi. Lakini tangu siku hiyo Ndululu hakuweza kupita mbele ya ile nyumba ya mawe bila kuhesabu madirisha yake.

Tarehe kumi na saba Septemba tulimzika Kilonzo. Mjane wake, Muthoki, alibaki na shamba la bondeni, ekari tatu kando ya mto wa mchanga. Pale mtu huchimba futi chache tu akapata maji, hata wakati wa kiangazi. Vumbi la siku hiyo lilikuwa jingi hata jeneza halikuonekana likishuka. Nzioka alikuja na watu wake, wameleta gunia la mahindi na mitungi sita ya maji kutoka kwenye tangi lao. Akina mama wakawapokea kwa vigelegele. Kwenye msiba wetu, mbele ya kaburi la mtu wetu.

Ndululu alipiga goti, akafungua kitabu. Akipiga mstari watabaki mia moja na sitini. Alitazama shati jeupe la Nzioka, kisha akatazama kando. Mjukuu wa Kilonzo alikuwa amebebwa mgongoni, naye kwa desturi yetu aliitwa Kilonzo, jina la babu yake. Muthoki humwita mtoto huyo "mume wangu", kama bibi zetu wafanyavyo. Jina halijafa, Ndululu akajiambia. Liko hapa, linanyonya kidole.

Akafunga kitabu. Kalamu haikuwa imegusa karatasi.

"Naweni," akawaambia wachimbaji. Wakanawa.

Desturi ya majina tuliachiwa ili tuwakumbuke wafu, si ili tuwahesabu kwenye mabenchi. Ndululu alilijua hilo. Lakini dhambi ya kwanza ikishapata sababu, zinazofuata haziombi sababu. Mazishi yaliyofuata alifanya vile vile. Kisha akawarudisha kitabuni waliohamia miji ya barabara ya Mombasa. Hakuna aliyemkagua, maana nani angemkagua Ndululu? Kufikia mwaka wa 1995 alisimama kwenye veranda, akajifuta grisi taratibu na kusema:

"Nzioka, sisi tumefika mia mbili na arobaini."

"Bwana asifiwe!" Nzioka akasema, na uso wake ulikuwa na furaha ya kweli. Hilo lilimchoma Ndululu kuliko kama angemtukana.

Mwaka uliofuata wapimaji wa ardhi walifika kwetu. Kila shamba lilitakiwa kuwa na mwenyewe mbele ya kamati. Kiilu, mdogo wake Kilonzo, akatoa karatasi: kaka yake alimuuzia shamba la bondeni na kuweka kidole gumba, tarehe ishirini Novemba 1993.

Muthoki hakuogopa hata kidogo. Alikuja kwa Ndululu siku moja kabla ya kesi, akasimama kati ya spoki zilizotawanyika.

"Kiilu anasema mume wangu alitia kidole Novemba. Mtu aliyezikwa Septemba! Baba Ndinda, kesho uje na kitabu. Ukisoma ule mstari, tumemaliza."

"Nitakuja," Ndululu akasema.

Nyumbani hakugusa chakula. Mutindi alipomuuliza akamwambia yote. Mutindi akaenda kuleta kalamu nyekundu.

"Piga sasa. Alikufa Septemba kweli. Utakuwa umedanganya nani?"

"Mstari wa leo si wa siku ile."

"Na yule mama je? Baba Ndinda, hiyo heshima yako ilikuwa wapi ulipokuwa unashindana na fundi wa nguo?"

Ndululu hakushika kalamu. Mtu akikataa uongo wa pili anastahili sifa, lakini sifa hiyo haifuti ule wa kwanza.

Kamati ilikaa uani kwa chifu. Nzioka alikuwa mmoja wa wanakamati. Mashahidi waliitwa na kila mmoja akasema lake, kwa kuwa mwaka ule wa njaa tulizika watu wengi. Mmoja alisema Kilonzo alizikwa kabla ya mvua. Mwingine akaapa kwamba matope yalinasa viatu vyake. Mwenyekiti akachoka.

"Kitabu cha Ndululu kinasemaje?"

Muthoki aligeuka, akatabasamu. "Soma, Asa, tutoke kwa jua."

Alimwita Asa, yaani baba, ingawa walikuwa rika moja. Ndululu alisimama na kitabu wazi.

"Hakuna mstari."

"Hakuna vipi?" mwenyekiti akauliza.

"Alizikwa Septemba, tarehe kumi na saba. Nilikuwepo. Sikuandika."

"Kwa nini, mzee? Wewe?"

Ndululu alimtazama Nzioka, akatazama chini. "Nilitaka tuonekane wengi."

Nyuma mtu akasema, "Kumbe hata maiti walikuwa wanaimba kwaya!" Watu wakaangua kicheko. Kiilu hakucheka. Aliomba kitabu, akapitisha kidole kwenye ukurasa.

"Huyu Mbinya tulimzika, na hana mstari. Huyu naye. Huyu pia." Akainua macho. "Wazee, mtu aliyewaandika wafu kuwa wazima, atashindwa vipi kubuni tarehe? Karatasi yangu ina kidole. Kitabu hiki kina nini?"

Kamati ikapiga kura. Nzioka peke yake alipinga, na shamba likaandikwa jina la Kiilu.

Watu walipotawanyika, Nzioka alimfuata Ndululu aliyekuwa akisukuma baiskeli yake.

"Ni mimi uliyekuwa unashindana naye?"

"Ni wewe. Ulisema mia moja themanini na wawili."

"Nilikutajia walioandikwa. Ungeniuliza wanaokuja, ningekwambia hamsini na wanne, siku ikiwa nzuri. Wengine ni majina. Kila Jumamosi natembea kuwatafuta, na nyumba nyingine nafungiwa mlango." Akashika usukani wa baiskeli. "Ndululu, mimi nilikuwa nikiwaonea wivu nyinyi. Mtu wenu akifa, wachimbaji hawakunawa mpaka umeandika."

Ndululu alivuta baiskeli yake, akaenda.

Alikirudisha kitabu kwa wazee wa kanisa Jumapili hiyo, nao wakamtoa katika ukarani baada ya miaka ishirini na mitatu. Sasa mazishini wachimbaji hunawa mara tu wanapomaliza kufukia. Kanisa lilipohesabiwa upya, tulikuwa mia moja thelathini na wanane. Muthoki alipoteza ekari tatu za bondeni, na sasa hununua maji kwa shemeji yake, mtungi kwa mtungi, kutoka kwenye kisima alichochimba mumewe.