Mti wa Haidari Unapukutika

Enzi zetu, pale Kinondoni, mti ulikuwa na kazi. Mpera ulitulisha, mwarobaini ulitutibu homa, na mkwaju, Mungu ausamehe, ulitoa fimbo za mwalimu. Usio na kazi ulikuwa kuni. Kabla ya shule tulifagia uwanja kwa fagio la chelewa, tumenyunyiza maji vumbi lisipande, na harufu ya udongo ule ikachanganyika na ya vitumbua vya mama jikoni. Maji ya kuoshea mchele hayakumwagwa ovyo, yalikwenda kwenye mpera.

Mpera ukigoma kuzaa, mama alimwita jirani yake. Mama anashika panga, anaugonga gome: "Leo naukata, umeninywea maji bure!" Jirani anadakia: "Usiukate shoga, usamehe, mwakani utazaa." Sisi watoto tuliamriwa kunyamaza, tusije tukacheka mti ukajua kuwa ni maigizo. Na ulizaa, wallahi, tukala mapera mpaka matumbo yakafunga.

Sasa nyie mliokua nayo hayo, niambieni, huu wa mwanangu niufanye nini? Haidari, mwanangu mkubwa, anaishi ughaibuni, kwenye baridi. Mara ya mwisho alipokuja aliniletea mche wa mepo, mti wa mapambo wa huko, majani yake kama kiganja kilichokunjuliwa. Akaupanda mwenyewe kwenye chungu kikubwa hapa kwangu Goba. "Mama, ukinikumbuka uwe unauangalia huu," akasema. Hauzai, hautibu, kivuli chake hakimtoshi hata kuku. Lakini naupenda, maana ndiye Haidari niliyebaki naye.

Mwezi huu majani yakageuka mekundu, yakaanza kuanguka. Roho ikanipaa. Unakufa, au ndivyo ulivyo? Nikaupa maji ya mchele, ukazidi kupukutika. Zuhura, kitindamimba wangu, ambaye akishika fagio dakika mbili kiuno kinamuuma, akaperuzi simu yake. "Mama, huu unataka baridi bwana, sie tunauchoma jua!" Akatoa barafu kwenye friji, akaipanga juu ya udongo. Asubuhi mie na maji yangu, jioni yeye na barafu yake. Sijui mti wenyewe unatuonaje.

Juzi nikashindwa kuvumilia. Nikachukua panga, nikamwita Zuhura aje auombee msamaha kama ilivyo desturi.

"Nikuombe uusamehe kwa lipi, Mama? Kwani huu unazaaga nini?"

Nikalishusha panga. Kweli, nautisha ili ufanye nini?

Nikampigia Haidari simu ya video. "Shikamoo Mama," akasema, akacheka nilipomwonesha mti. "Usiwe na wasi, ndo kawaida yake. Huku yote imebaki matawi matupu. Ngoja tu, utachipua." Nikashusha pumzi. Kisha nikamuuliza, na yeye je, anakuja lini? Akasema mtandao unakatakata, tutaongea.

Enzi zetu, magharibi ikikaribia, mama alisimama mlangoni akaita majina yetu mara moja tu, na wote tukaja mbio, miguu imejaa mchanga, hakuna aliyethubutu kukosa. Mie leo nina simu inayonionesha uso wa mwanangu mpaka ndevu zilizoanza kuota mvi, na sijui nimwiteje ndipo aje.